Alifukuzwa kwa ajili ya dini? Folau, mkataba wake, na namna klabu ya raga inavyoachana na mchezaji

Israel Folau, mchezaji wa raga wa Australia, akitajwa penye mazungumzo ya michezo na dini, sentensi mbili husikika upesi. Ya kwanza: "Alifukuzwa na klabu yake kwa kunukuu Biblia." Ya pili: "Alifukuzwa kwa kueneza chuki, na sheria ikathibitisha." Wanaosema hivi hupishana kwa sauti kubwa, lakini wote wawili wamekosea. Waliomfukuza mwaka 2019 hawakuwa klabu kama tunavyozielewa klabu, na hakuna hakimu aliyewahi kuthibitisha wala kutengua kufukuzwa huko. Klabu iliyoachana naye baadaye, Catalans Dragons ya mji wa Perpignan nchini Ufaransa, haikuachana naye kwa neno lolote alilosema kuhusu imani. Hata mchezo haukuwa uleule. Tuanze hapo basi, kwenye mchezo.

Raga ziko mbili. Ile wanayoishangilia Wakenya kwenye timu ya wachezaji saba, na ile ya wachezaji 15 ya Kombe la Dunia, ni ukoo mmoja unaoitwa yunioni. Nyingine ni raga ya ligi: wachezaji 13 kila upande, na timu ikikabwa mara sita bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwenye yunioni mtu akiangushwa, pande zote mbili hurundikana kuugombea mpira chini. Kwenye ligi aliyeangushwa husimama, huuweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ina alama 4 kwenye ligi na 5 kwenye yunioni. Vyama ni viwili, kanuni ni mbili, na mikataba ni tofauti.

Mgawanyiko huo ulitokea tarehe 29 Agosti 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, na kisa chake kilikuwa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mechi za Jumamosi ziliwakosesha mshahara wa siku, na klabu zao zikataka kuwafidia. Wakubwa wa mchezo wakakataa, klabu zikajitenga. Yunioni haikuruhusu wachezaji kulipwa waziwazi hadi mwaka 1995. Ninalitaja hili kwa sababu raga ya ligi ilizaliwa na suala la malipo tumboni. Mchezaji kusaini, kuuzwa, kuachiwa na kuhama ni mambo iliyoyazoea kwa zaidi ya karne.

Folau alizaliwa Sydney mwaka 1989 katika familia ya Kitonga, na alianza na ligi. Mwaka 2007, kijana wa miaka 18, alifunga trai 21 katika msimu wake wa kwanza akiwa na Melbourne Storm. Alipitia Brisbane Broncos, akaenda miaka miwili kwenye mpira wa miguu wa Kiaustralia, kisha mwaka 2013 akahamia yunioni. Kipaji chake kilionekana zaidi mpira ulipokuwa hewani. Mchezaji mwenzake anapiga mpira juu kuelekea pembe ya uwanja, beki anarudi kinyumenyume akiutazama, na hapo ndipo mtu wa karibu mita 1.95 anatokea mbio, anaruka kutoka mguu mmoja, anaudaka juu ya kichwa cha beki na kuanguka nao ndani ya mstari. Ule mpira wa Kiaustralia, ambao nusu yake ni kudaka, ulimnoa vizuri kwa hilo. Aliichezea timu ya taifa ya yunioni ya Australia mechi 73 na kuifungia trai 37. Mwanzoni mwa Aprili 2019 alifikisha trai 60 kwenye mashindano ya Super Rugby, rekodi ya wakati huo.

Siku chache baada ya rekodi hiyo, tarehe 10 Aprili, aliweka picha kwenye Instagram. Ilikuwa orodha: walevi, mashoga, wazinzi, waongo, waasherati, wezi, wasioamini Mungu, waabudu sanamu. Chini yake onyo kwamba jehanamu inawasubiri, watubu, na kwamba Yesu peke yake ndiye anayeokoa. Msomaji wa Biblia ataitambua asili ya orodha hiyo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6. Picha yenyewe, hata hivyo, haikuwa nukuu ya mstari. Ilikuwa bango lililotungwa kwa kufuata mstari, likaambatanishwa na mistari ya Maandiko. Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa muumini, lakini baadaye ilikuwa na uzito kwa wanasheria.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 alikuwa ameandika maneno ya aina hiyo alipoulizwa mpango wa Mungu kwa mashoga ni upi. Viongozi wa chama cha raga ya yunioni cha Australia walikutana naye, hawakumwadhibu, na baadaye wakamwongezea mkataba hadi 2022, unaokadiriwa kuwa wa dola milioni 4 za Australia kwa miaka minne.

Sasa maneno ya kazi. Mkataba ni makubaliano ya pande mbili: nitakuchezea, utanilipa. Kanuni za maadili ni kitabu kingine, mara nyingi kinene kuliko mkataba, ambacho mkataba unakitaja kwa sentensi moja tu: "mchezaji atafuata kanuni za maadili za chama." Ukisaini mkataba umesaini na kitabu. Wanaoendesha bodaboda kwa mkataba watalielewa hili mara moja. Karatasi inasema hesabu ni kiasi fulani kwa siku kwa miezi kadhaa, halafu pikipiki ni yako. Mwisho wake kuna mstari: "Dereva atafuata taratibu za kijiwe." Hakuna anayeuliza taratibu hizo zimeandikwa wapi, mpaka siku anaposimamishwa kwa kuzivunja.

Ubishi wa kwanza ulikuwa hapo hapo. Upande wa Folau ulisema mkataba wake haukuwa na kipengele mahsusi kuhusu mitandao ya kijamii. Chama kilijibu kwamba kipengele hakikuhitajika, kwa kuwa kanuni za maadili tayari zilimtaka aitumie mitandao kwa heshima na kuwatendea watu wote kwa usawa, wawe na mwelekeo wowote wa kimapenzi. Kwa maoni yangu chama kilijiumiza chenyewe. Ulishapata onyo la wazi mwaka 2018, unakaa mezani kuandika mkataba mpya wa mamilioni, halafu unaacha jambo lenye utata kuliko yote litegemee kitabu cha jumla. Mwanasheria yeyote wa kijiji angekuambia uliandike.

Kumfukuza mchezaji wa kiwango hiki si suala la barua moja, na taratibu zilifuatwa hatua kwa hatua. Waajiri walikuwa wawili, chama cha taifa na chama cha jimbo la New South Wales chenye timu ya Waratahs, na ndiyo maana neno "klabu" linapotosha. Kwanza walimpa notisi ya ukiukaji: tunaona umevunja kanuni kwa kiwango cha juu, na tunakusudia kuvunja mkataba. Yeye akachagua kusikilizwa. Jopo la watu watatu wasio waajiriwa wa chama lilikaa siku tatu mwanzoni mwa Mei, mawakili wakahoji mashahidi, na tarehe 7 Mei likaamua kwamba ukiukaji wa kiwango cha juu umethibitika. Adhabu iliamuliwa kando: tarehe 17 Mei jopo likaagiza mkataba uvunjwe. Alikuwa na saa 72 za kukata rufaa ndani ya mfumo wa chama. Hakukata. Aliamua kwenda kwenye sheria ya nchi.

"Kiwango cha juu" ndicho kitovu cha yote. Kuvunja kanuni peke yake hakutoshi kuvunja mkataba, kama vile kuchelewa kazini siku moja hakukufukuzishi. Makosa madogo huishia kwenye faini, onyo au kufungiwa mechi kadhaa. Ukiukaji wa kiwango cha juu ndio uliofungua mlango wa kuachishwa kazi.

Uhuru wa dini unaishia wapi?

Mkenya anayebishana kuhusu kesi hii huikumbuka Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010, inayosema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Kisha anashangaa: Australia imefanyaje hivi? Jibu ni kwamba Katiba ya Australia haina orodha ya haki za raia kama yetu. Ina kifungu cha 116, kinacholizuia Bunge la shirikisho kutunga sheria ya kukataza ibada. Kinaibana serikali kuu. Hakimbani mwajiri binafsi wala chama cha michezo. Uhuru wa kusema nao haukuandikwa waziwazi humo.

Kinga aliyoitegemea Folau ilikuwa kwenye sheria ya kazi ya mwaka 2009, kifungu cha 772, kinachokataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya dini, rangi, jinsia na mengine kadhaa. Kinaacha nafasi moja muhimu: pale sababu hiyo inapogusa matakwa ya msingi ya kazi yenyewe.

Hapa ndipo fundo lilipo, na si fundo la kitoto. Chama kilisema: hatukumfukuza kwa kuwa Mkristo, maana timu imejaa Wakristo, hasa vijana wa Kitonga, Kisamoa na Kifiji wanaoimba nyimbo za kanisa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tumemfukuza kwa kuvunja kanuni alizozisaini. Folau akasema: kuonya watu watubu ndiyo dini yangu, huwezi kuukata ujumbe ukaacha imani. Mfikirie dereva wa basi la kampuni anayehubiri stendi siku yake ya mapumziko. Akihubiri amevaa sare, kampuni ina hoja. Akihubiri kwa spika ya basi huku abiria wamo ndani, hoja ni kubwa zaidi. Lakini akihubiri kwa nguo zake, kwa sauti yake, huku wasikilizaji wote wakimjua kwa lile basi analoendesha? Akaunti ya Instagram ilikuwa yake. Wafuasi wengi walimfuata kwa sababu ya jezi.

Mizani ina upande wa pili, na tusiupite haraka. Kijana shoga anayecheza raga mjini Sydney, aliyekuwa na picha ya Folau ukutani, naye alisoma orodha ile. Kanuni za namna hii ziliandikwa kwa ajili ya kijana kama huyo, kwa sababu mchezo huu ulishawafukuza wengi kimyakimya bila notisi wala jopo. Na ndani ya familia nyingi za visiwa vya Pasifiki kama Tonga kanisa ndilo nyumba, shule, na benki ya dharura, kwa hiyo kumwambia mtu aiache imani mlangoni mwa uwanja ni kumwambia aache nusu ya ukoo wake. Anayeiona kesi hii nyepesi amesikiliza upande mmoja tu.

Usuluhishi wa kwanza, mwezi Juni 2019, ulishindikana, na kesi ikaenda mahakamani. Michango ya kumsaidia ilivuka dola milioni 2 za Australia kupitia kundi la Kikristo, baada ya ukurasa wake wa kwanza wa kuchangisha kufungwa na waliochangia kurudishiwa fedha. Shauri lilipangwa kusikilizwa Februari 2020. Halikufika. Tarehe 4 Desemba 2019 pande mbili zilitangaza suluhu, kila upande ukaomba radhi kwa maumivu yoyote uliyosababisha bila kukusudia, na kiasi cha fedha kikabaki siri.

Suluhu si hukumu. Jirani zako wakigombania mpaka wa shamba, kisha wakamaliza kwa mzee wa mtaa na kupeana mkono, hujui mpaka halisi ulikuwa wapi. Unajua tu kwamba wamechoka kugombana. Kwa hiyo anayesema "mahakama ilimpa haki Folau" hana ukurasa wa kukuonyesha, na anayesema "mahakama ilithibitisha kosa lake" hana pia.

Perpignan

Mwezi uliofuata, Januari 2020, Catalans Dragons ilitangaza kumsajili, akirudi kwenye raga ya ligi. Klabu hii iko Ufaransa lakini inacheza Super League, ligi kuu yenye makao Uingereza. Wengi walishangaa: mtu aliyefukuzwa anachezaje?

Kufukuzwa na mwajiri si kufungiwa mchezo. Hayo ni malango mawili. Kununua daladala ni jambo moja, kupata leseni ya njia kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu Tanzania, ni jambo jingine, na Kenya vilevile huwezi kuingiza matatu barabarani kwa kuwa tu umeilipia. Mchezaji anahitaji mkataba wa klabu, kisha anahitaji kusajiliwa na chama kinachosimamia ligi. Kwa upande wa Australia, mwenyekiti wa chama cha raga ya ligi, Peter Beattie, alishasema tangu Aprili 2019 kwamba Folau hafikii kigezo chao cha ujumuishi, yaani kuwakubali watu wote, kwa hiyo lango la usajili lilikuwa limefungwa kabla klabu haijajitokeza. Uingereza, chama kilieleza kutofurahishwa, kikasema maneno yake ya zamani kinayapinga, lakini hakikuona kanuni yake aliyoivunja. Wakamsajili.

Mkataba wa Perpignan uliandikwa na watu waliokuwa wamesoma yaliyotokea Sydney. Mwenyekiti Bernard Guasch alieleza kwamba klabu haikubaliani na maoni aliyoyatoa huko nyuma, na kwamba akirudia, mkataba utavunjika papo hapo na klabu yenyewe itatozwa faini kubwa na chama. Hapa hakuna kutegemea kitabu cha jumla. Jambo limetajwa, matokeo yametajwa, mwenye kulipa ametajwa. Kwa mtu anayeandika mikataba ya michezo, hiki ndicho kipande cha kujifunza katika kisa chote. Kipengele cha namna hii humlinda hata mchezaji, kwa sababu anajua mstari uko wapi kabla hajaukanyaga.

Alifunga trai dakika ya sita ya mechi yake ya kwanza, Februari 15, dhidi ya Castleford. Mwezi Agosti, ligi iliporudi baada ya kusimama kwa ugonjwa wa korona, alibaki amesimama wakati wachezaji wenzake wakipiga goti kupinga ubaguzi wa rangi. Watu wakasubiri afukuzwe. Hakufukuzwa, kwa sababu kupiga goti lilikuwa hiari ya kila mtu, na kusimama kimya hakukuwa kitu kilichotajwa kwenye makubaliano yake.

Kuachana kwenyewe kulikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Baada ya msimu wa 2020 alirudi Australia kwa sababu za kifamilia na hakurejea Perpignan, ilhali mkataba ulikuwa bado una mwaka mmoja. Mapema 2021 klabu ya St George Illawarra ilifikiria kumchukua, watu wakapiga kelele, ikarudi nyuma. Kisha Southport Tigers, klabu ndogo ya Gold Coast, ikamtaka, na kikwazo kikawa karatasi ile ile: hajaachiwa na Catalans. Mchezaji mwenye mkataba hai hawezi kusajiliwa kwingine mpaka klabu ya zamani itoe kibali cha kumwachia. Ni kama pikipiki ambayo kadi yake bado iko kwa mwenye mali. Hata ukiiendesha vizuri vipi, huwezi kuiuza. Klabu hukizuia kibali kwa sababu za fedha, si kwa roho mbaya. Imeshalipa, imeshatenga sehemu ya kikomo chake cha mishahara, yaani jumla ya juu inayoruhusiwa kuwalipa wachezaji, na ikimwachia bure imepoteza vyote viwili.

Si kila fundo la imani huishia hivyo. Will Hopoate, Mmormoni aliyewahi kuacha raga miaka miwili kwenda umisionari akiwa kwenye kilele cha ujana wake, alikubaliana na klabu ya Canterbury Bulldogs ya Sydney kwamba msimu wa 2017 asicheze Jumapili. Katikati ya msimu akabadili mwenyewe uamuzi na kucheza. Hapo tatizo lilikuwa ratiba, na ratiba huzungumzika: unahesabu mechi za Jumapili, unatafuta mbadala, unapanga malipo. Mwaka 2022 wachezaji saba wa klabu ya Manly ya Sydney walikataa, kwa imani yao, kuvaa jezi yenye rangi za upinde wa mvua, alama ya kuwaunga mkono mashoga. Hawakuwa wameshirikishwa kabla ya jezi kutangazwa, na kocha Des Hasler aliomba radhi hadharani kwa namna jambo lilivyoendeshwa. Walikosa mechi moja, dhidi ya Sydney Roosters, ambayo Manly ilifungwa 20 kwa 10. Hakuna aliyefukuzwa.

Siku na jezi ni mambo ambayo klabu inaweza kuyapanga kabla. Maneno ni magumu zaidi, kwa kuwa yakishatoka hayana tarehe ya mechi.

Folau alihamia Japani mwaka 2021, kwenye yunioni, mchezo uleule uliomfukuza. Mwaka uliofuata kanuni ya kimataifa ilibadilika: mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila kuichezea nchi moja aliruhusiwa kuhamia nyingine mara moja, kama alizaliwa huko au mzazi wake au babu yake alizaliwa huko. Mechi yake ya mwisho na Australia ilikuwa Novemba 2018. Julai 2022 aliingia uwanjani dhidi ya Fiji akiwa na jezi nyekundu ya Tonga, nchi ya wazazi wake.